Sukari ya baba inashuka kila alfajiri, insulini iko chini, na skaneri imeonyesha uvimbe mkubwa kifuani: je, vina uhusiano?

Bintimzee_Katuba

Salamu kwenu nyote. Ninaandika kutoka Lubumbashi kwa niaba ya baba yangu, mwenye umri wa miaka 67, mstaafu wa reli. Baba hajawahi kuwa na kisukari, hanywi pombe, na nyumbani kwetu hakuna mtu anayemeza vidonge vya kisukari ambavyo angeweza kuvichukua kimakosa. Hata hivyo, tangu masika yaliyopita amekuwa akiamka kabla ya mapambazuko akiwa amelowa jasho, akizungumza maneno yasiyoeleweka, na mara nyingine akishindwa kumtambua mama. Mwanzoni familia ilisema ni uzee. Wengine wakasema mambo ambayo sitayarudia hapa. Mjomba wetu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyemtoboa kidole wakati wa tukio kama hilo, akakuta 38 mg/dl. Baba alipopewa chai yenye sukari nyingi akili zilimrudia, akashangaa kuona chumba kimejaa watu.

Kituo cha kwanza kilimtibu malaria. Cha pili kilipiga radiografi ya kifua, kikaona kivuli kikubwa upande wa kulia, na kikamwanzishia dawa za kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Dawa hizo bado anazimeza. Baadaye tulilipia skaneri. Taarifa inasema kuna uvimbe mmoja wenye mipaka inayoonekana vizuri, wenye upana wa sentimita 17, umeshikana na utando wa pafu. Kongosho ni la kawaida, ini ni safi, na tezi zilizo juu ya figo hazina kasoro. Damu iliyochukuliwa asubuhi moja sukari ikiwa 41 ilionyesha insulini na C-peptidi (kipande ambacho kongosho hukitoa pamoja na insulini) ndogo mno. Tuliambiwa kwamba kwa kuwa insulini iko chini, shida si ya homoni, na kwamba mzee ale vizuri tu.

Ninachoomba kujua ni kama uvimbe ulio kifuani, mbali kabisa na kongosho, unaweza kushusha sukari namna hii. Ningependa pia kujua kama vumbi la kazi yake ndilo lililomletea uvimbe huo, na kama ncha za vidole vyake, ambazo zimevimba na kuwa za mviringo tangu mwaka jana, zinahusika kwa lolote.

Tabibu_Kamalondo

Pole sana dada, na mpe pole mama pia, kwa kuwa yeye ndiye anayelala karibu na ugonjwa huu.

Ndiyo, vina uhusiano, na kwa maelezo uliyotoa ningeuweka uvimbe huo mbele ya kila sababu nyingine. Matokeo ya insulini yalisomwa kinyume. Sukari ya damu inaposhuka hadi 41 mg/dl, kongosho zima hupaswa kuacha karibu kabisa kutoa insulini. Kwa hiyo insulini ndogo inathibitisha tu kwamba kongosho halina hatia. Haithibitishi kwamba hakuna kitu kingine mwilini kinachofanya kazi ya insulini. Kama baba angekuwa na uvimbe wa kongosho unaotoa insulini, au kama angekuwa amemeza glibenklamidi, ambayo ni kidonge cha kisukari, insulini na C-peptidi zingekuwa juu wakati sukari iko chini.

Jambo hili lina umri mrefu katika udaktari. Mwaka 1929 Nadler na Wolfer walieleza habari za mgonjwa wa saratani ya ini ambaye sukari yake ilikuwa ikishuka. Mwaka 1930 Doege na Potter, kila mmoja kwa upande wake, walieleza uvimbe mkubwa wa nyuzinyuzi kifuani ulioambatana na hali hiyohiyo, na hadi leo uvimbe wa utando wa pafu unaoshusha sukari unatajwa kwa majina yao. Kwa miongo mingi watu walidhani kwamba uvimbe unaila sukari yenyewe kwa sababu ya ukubwa wake tu. Maelezo hayo hayakutosha, kwa sababu ini zima lina uwezo mkubwa wa kuongeza utengenezaji wa sukari ili kufidia, na kwa wagonjwa hawa ini lilikuwa limenyamaza. Mwaka 1988 kundi la Daughaday, nchini Marekani, lilionyesha kwamba uvimbe wa misuli laini wa mgonjwa mmoja ulikuwa ukitengeneza kwa wingi homoni inayoandikwa IGF-2, ambayo ni ndugu wa insulini kwa umbo, na kwamba sehemu kubwa ya homoni hiyo ilikuwa bado haijakatwa na kukamilishwa kama inavyotakiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. IGF-2 ya kawaida sisi sote tunayo, tena nyingi, lakini husafiri katika damu ikiwa imefungwa na protini mbili, na mzigo wote unakuwa mkubwa kiasi cha kushindwa kupenya kuta za mishipa midogo, kama abiria waliofungiwa ndani ya basi. Ile isiyokamilika haifungwi vizuri. Inabaki huru au katika vifurushi vidogo, inatoka kwenye mishipa, na inagusa vipokezi vya insulini kwenye misuli, mafuta na ini. Misuli inavuta sukari, ini linaacha kuitoa, na mafuta hayayeyushwi, kwa hiyo hata ketoni ambazo ubongo ungezitumia badala ya sukari hazitengenezwi. Ndiyo sababu baba yako anapotea akili haraka kuliko mtu aliyefunga tu. Ndiyo sababu pia mambo huharibika alfajiri, kwa kuwa huo ndio wakati ambao mtu mwenye njaa ya usiku hutegemea ini lake.

Uvimbe wenyewe, kwa sura iliyoelezwa, unafanana sana na uvimbe pekee wa nyuzinyuzi wa utando wa pafu. Wengi wa aina hii si saratani kali, na ni chini ya mgonjwa 1 kati ya 20 ambaye sukari yake hushuka, kwa kawaida wale ambao uvimbe wao umepita sentimita 10. Ncha za vidole kuvimba ni dalili inayojulikana ya uvimbe huu, na mara nyingi hupungua ukiondolewa. Kuhusu vumbi, aina hii haijaonekana kuhusiana na sigara wala asibesto, tofauti na ile saratani nyingine ya utando wa pafu ambayo asibesto ndiyo chanzo chake kikuu. Uthibitisho utatoka kwenye kipande cha nyama: tangu mwaka 2013 tunajua kwamba seli zake zina jeni mbili za kromosomu ya 12 zilizoungana, NAB2 na STAT6, na maabara ya patholojia inaweza kuitafuta protini ya STAT6 kwa rangi maalumu.

Dawa za kifua kikuu ambazo hazina ushahidi nyuma yake nitazirudia hapo chini, kwa sababu hazipotezi muda peke yake.

Maabara_Kampemba

Ninaongeza upande wa mirija, kwa kuwa ugonjwa huu hupotea au hupatikana katika namna damu inavyochukuliwa.

Kipimo cha kidole kinatosha kuokoa maisha lakini hakitoshi kuandika utambuzi, kwa sababu vifaa hivyo hupoteza usahihi sukari inapokuwa chini. Damu ya mshipa iwekwe kwenye mrija wenye floridi, ule wenye kifuniko cha kijivu, kwa sababu katika mrija wa kawaida chembe za damu huendelea kuila sukari kwa kasi ya karibu asilimia 5 hadi 7 kila saa, na sampuli iliyosahauliwa mezani itatoa sukari ya chini ambayo mgonjwa hakuwa nayo. Damu ya insulini nayo itenganishwe mapema, na sampuli ambayo chembe zake zimepasuka isipokewe, kwa kuwa insulini huharibika humo na kusomeka ndogo kuliko ilivyo. Kwa mzee wetu hili lina uzito, maana hoja yote inasimama juu ya insulini ndogo.

Sampuli ichukuliwe wakati sukari iko chini ya 55 mg/dl, kabla ya kumpa chai au sindano, lakini isichukue zaidi ya muda wa kutoa damu. Mgonjwa anayetetemeka haachwi asubiri karatasi. Pamoja na sukari, insulini na C-peptidi, ombeni beta-hidroksibutireti (aina ya ketoni), kotisoli, IGF-1 (homoni ndugu ya IGF-2), potasiamu, na vipimo vya ini na figo. Picha inayotarajiwa ni insulini chini, C-peptidi chini, ketoni chini na IGF-1 chini, mara nyingine na potasiamu iliyopungua. IGF-1 hushuka kwa sababu ile IGF-2 iliyozidi huizuia tezi ya ubongo kutoa homoni ya ukuaji.

Kipimo cha IGF-2 chenyewe hutumwa nje ya nchi na majibu yake huchelewa. Kikipatikana, kisisomwe peke yake, kwa kuwa mara nyingi kiasi chake huonekana cha kawaida. Linganisheni IGF-2 na IGF-1 katika vipimo vya moli, yaani kwa idadi ya molekuli, si kwa uzito. Kwa mtu mzima uwiano ni takriban 3 kwa 1, na ukipita 10 kwa 1 shaka inakuwa imekwisha. Lakini mimi nisingemweka mzee kitandani akisubiri bahasha kutoka Ulaya wakati uvimbe wa sentimita 17 unaonekana wazi kwenye picha.

Mfamasia_BelAir

Kwa heshima zote, naona watu wanazungumzia vipimo wakati mgonjwa anahitaji dawa. Kuna diazoksidi na kuna oktreotidi, ambazo hutumika kwa sukari inayoshuka kwa sababu ya uvimbe. Zote mbili zinaweza kuagizwa kutoka Afrika Kusini. Kwa nini zisijaribiwe wakati familia inatafuta pesa za upasuaji?

Tabibu_Kamalondo

Ndugu mfamasia, nia yako ni njema, lakini dawa hizo zina kazi ya kulizuia kongosho lisitoe insulini, na kongosho la mzee huyu limekwisha kujizuia lenyewe. Kwa ugonjwa huu kwa kawaida hazisaidii, na bei yake ingemaliza fedha za safari.

Dawa ambayo ina faida kubwa zaidi wakati wa kusubiri upasuaji ni ya bei ndogo, nayo ni prednisoloni, kwa kipimo cha juu kiasi kitakachopangwa na daktari anayemwona. Hulisukuma ini litoe sukari, na kwa wagonjwa wengine hupunguza hata utengenezaji wa ile homoni mbovu. Sasa narudi kwenye dawa za kifua kikuu. Rifampisini, ambayo ni mojawapo ya dawa hizo, hulichochea ini liivunje prednisoloni upesi, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kumeza kipimo kinachotosha na kupata sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Kwa hiyo swali la kama baba ana kifua kikuu kweli lijibiwe kwanza, kwa kipimo cha GeneXpert na kwa kuitazama skaneri upya, na daktari aliyeanzisha dawa ndiye aamue kuzisimamisha; msizikate wenyewe nyumbani. Kama kweli anacho, atibiwe, na kipimo cha prednisoloni kirekebishwe. Katika mazingira yetu ningempa pia dawa ya minyoo ya strongiloidi kabla ya kuanza, kwa kuwa minyoo hiyo inaweza kukaa kimya kwa miaka mingi na kusambaa mwilini mtu anapopewa dawa za aina ya prednisoloni.

Kuna pia sindano ya glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe sukari yake. Ikipatikana, ina faida mbili: sukari ikipanda kwa zaidi ya 25 mg/dl baada ya kumchoma, tunajua kwamba ini lina akiba yake na kwamba kuna kitu kinachofanana na insulini kinachoifungia akiba hiyo, na kwa wagonjwa wengine hutumika kwa mfululizo hospitalini hadi siku ya upasuaji. Homoni ya ukuaji nayo imetumika kwingineko, lakini ni ghali na sitaizungumzia zaidi.

Kwa usiku, mama asimwache alale tumbo likiwa tupu. Bukari (ugali) liliwe jioni kwa kuchelewa, pamoja na mboga na kitu chenye mafuta kidogo, kisha uji mzito usiku wa manane na mwingine kabla ya mapambazuko, hata kama hajisikii njaa. Soda na chai ya sukari ni za dharura: hupandisha sukari haraka na huiacha ishuke haraka. Akipoteza fahamu asimwagiwe chochote mdomoni, kwa kuwa kitaingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo ipakwe chini ya ulimi na ndani ya shavu wakati anapelekwa hospitali, na huko apewe glukozi kwa mshipa, ikifuatwa na dripu ya asilimia 10 isiyokatizwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumpa ampuli moja, kufurahi kwamba ameamka, na kumrudisha nyumbani. Homoni ya uvimbe haina saa ya kupumzika, na baada ya muda mfupi atakuwa chini tena.

MamaRuashi

Dada, pole. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipatwa na hali ya sukari kushuka, lakini kwake ilikuwa saratani ya ini, na ilikuwa imechelewa. Ninaandika ili wengine wanaosoma wasidhani kwamba kila mtu atakutwa na uvimbe unaokatika. Je, madaktari wanaweza kueleza kwa nini kwake hata dripu haikuwa ikitosha?

Tabibu_Kamalondo

Pole mama kwa msiba huo. Saratani ya ini ndiyo inayotupa wagonjwa wengi zaidi wa aina hii katika sehemu zetu za Afrika, kwa sababu tuna homa ya ini ya B nyingi na karanga na mahindi yanayohifadhiwa kwenye unyevu hadi kupata kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 1969 McFadzean na Yeung, wakiwa Hong Kong, waligawa wagonjwa hao katika makundi mawili. Kundi la kwanza, lililo kubwa, ni wale ambao uvimbe umekua haraka na kulila ini karibu lote, na sukari hushuka katika wiki za mwisho kwa kuwa nyama ya ini inayobaki haitoshi kuitengeneza. Hao mara nyingi huweza kushikiliwa kwa glukozi ya kiasi. Kundi la pili ni dogo: uvimbe unakua polepole, mgonjwa bado ana nguvu, lakini sukari inashuka mapema na kwa ukali unaozishinda dripu. Leo tunaelewa kwamba kundi hilo la pili ndilo hasa lenye ile IGF-2 isiyokamilika. Kwa maelezo yako mafupi siwezi kusema yaya alikuwa kundi gani, ila dripu kutotosha kunaelekeza kwenye la pili. Watoto wa nyumba ile, na wewe mwenyewe, mpimwe homa ya ini ya B. Chanjo yake kwa watoto wachanga imo katika sindano ya mchanganyiko wanayopewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Bintimzee_Katuba

Asanteni sana, wakubwa zangu. Tulirudi kwa daktari tukiwa na maelezo haya, naye aliyapokea vizuri kuliko tulivyoogopa. GeneXpert imetoka bila kifua kikuu, na dawa zile zimesimamishwa na yeye mwenyewe. Baba ameanza prednisoloni na anakula uji usiku, na sasa alfajiri hupimwa akiwa kati ya 70 na 90. Familia imegawanyika: wajomba wanasema, ikiwa dawa imemtuliza, kwa nini apasuliwe kifua katika umri wake? Pili, tumeelekezwa kwa mpasuaji wa kifua ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, nchini Zambia. Tufanye nini njiani?

Mpasuaji_Lwanga

Nimefanya kazi ya upasuaji wa kifua kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu sehemu hii.

Waambie wajomba, kwa adabu, kwamba prednisoloni haijautibu uvimbe. Uvimbe unaendelea kukua, na kadiri unavyokua ndivyo kipimo cha dawa kitakavyopanda, na pamoja nacho shinikizo la damu, maambukizi na mifupa kudhoofika. Uvimbe pekee wa nyuzinyuzi ukikatwa wote pamoja na shina lake, sukari kwa kawaida hurudi sawa ndani ya saa au siku chache, bila dawa yoyote. Ni magonjwa machache ya homoni ambayo kisu huyamaliza kwa uwazi kiasi hicho, na umri wa miaka 67 kwa mtu anayetembea na kupumua vizuri si kizuizi. Mara nyingi uvimbe huu, hata ukiwa mkubwa, unaning'inia kwenye utando kwa shina jembamba. Lakini mkubwa kama huo unaweza kuwa na mishipa mingi ya damu, kwa hiyo damu ya kuongezewa itayarishwe mapema, na vituo vingine huziba kwanza mishipa inayoulisha. Ikiwa hauwezi kutoka wote, hata kupunguza sehemu kubwa yake hupunguza homoni.

Njiani, kusubiri mpakani kunaweza kuwa kurefu kuliko mwendo wa gari. Aondoke akiwa ameshiba, mjomba muuguzi aketi naye na kifaa cha kupimia, wampime kila baada ya saa mbili na wakati wowote anapoonekana kukasirika bila sababu, na chakula kiwe mkononi, si kwenye buti ya gari. Asikatishwe prednisoloni hata siku moja, kwa sababu mwili uliozoea dawa hiyo ukiikosa ghafla unaweza kushusha sukari kwa sababu nyingine kabisa, na mpasuaji pamoja na mtaalamu wa usingizi waambiwe kwamba anaitumia.

Karatasi zake ziandikwe upya kwa Kiingereza, na sukari iandikwe kwa vipimo vyote viwili. Huku tunatumia miligramu. Huko wanatumia milimoli, na ili kuzipata mnagawanya kwa 18, yaani 38 yetu ni 2.1 yao. Bebeni picha zenyewe za skaneri kwenye diski, kwa kuwa mpasuaji hafanyi mpango kwa kusoma taarifa peke yake.

Ndani ya chumba cha upasuaji glukozi haizimwi asubuhi kwa sababu tu mgonjwa amefunga. Dripu inaendelea na sukari inapimwa mara kwa mara, kisha inapunguzwa polepole uvimbe ukishatoka, kwa sababu saa zilezile sukari inaweza kupanda kupita kiasi. Baada ya hapo prednisoloni nayo ishushwe kwa hatua, isikatwe ghafla. Nyama yote ipelekwe patholojia, maana idadi ya seli zinazogawanyika ndiyo itakayosema kama uvimbe ulikuwa mpole au mkali. Hata ule ulioonekana mpole umewahi kurudi baada ya zaidi ya miaka 10, kwa hiyo apigwe picha ya kifua kila mwaka, na kile kifaa cha kidole kibaki nyumbani. Akiamka tena na jasho la alfajiri, apimwe sukari siku hiyohiyo, na ikiwa chini apelekwe kwenye skaneri kabla ya mtu yeyote kuzungumzia malaria.

Bintimzee_Katuba

Nimeyasoma haya yote kwa sauti mbele ya wajomba. Wawili wamekubali, na wa tatu ameuliza bei ya damu, jambo ambalo kwa tabia yake ni sawa na kukubali. Karatasi zinatafsiriwa wiki hii.